Rekodi ya Mahakama na Kazi Unayoomba: Jua Kesi Yako Iliishaje

Fomu nyingi za kuomba kazi, iwe kazi ya benki mjini Kisumu au ya shamba la maua kule Naivasha, huwa na swali hili: "Je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai?" Wengi wakilifikia husoma swali jingine kabisa: "Je, umewahi kukamatwa?" Aliyelala usiku mmoja kwenye seli ya Kondele au Bondeni akaachiliwa asubuhi hujaza "Ndiyo". Aliyelipa faini ya Sh3,000 katika mahakama ya Winam akarudi nyumbani siku hiyohiyo hujaza "La", maana hakufungwa. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amejichafulia jina bure. Wa pili ametoa jibu la uongo bila kujua, na jibu hilo litamrudia siku cheti cha polisi kitakapofika mezani kwa mwajiri.

Kukamatwa ni hatua ya polisi. Kushtakiwa ni pale unaposomewa mashtaka mbele ya hakimu. Kupatikana na hatia ni uamuzi wa hakimu huyo, ama baada ya kusikiza ushahidi ama kwa sababu ulikubali makosa mwenyewe. Adhabu hufuata baadaye: faini, huduma kwa jamii, kifungo cha nje au jela. Mwajiri anayeuliza kuhusu hatia anaulizia hatua ya tatu, na hatua hiyo ni ileile kwa aliyekaa gereza la Kodiaga miaka miwili na kwa aliyelipa faini dirishani akapanda boda akaenda zake.

Kutoka seli hadi jalada la Nairobi

Ukikamatwa, jina lako huandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, kile ambacho kila mtu hukiita OB. Ibara ya 49 ya Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia wakati mahakama zimefungwa. Ukiachiliwa kabla ya hapo bila kushtakiwa, hujapatikana na hatia yoyote. Mstari wa OB unaonyesha tu kwamba ulipita kituoni.

Mambo hubadilika polisi wakiamua kukushtaki. Alama za vidole vyako huchukuliwa, na fomu hutumwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za jinai ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, iliyoko Barabara ya Kiambu jijini Nairobi. Huko ndiko rekodi inakoanzia. Kesi ikiisha, matokeo yanapaswa kufuata njia hiyohiyo hadi yaandikwe kwenye jalada lako. Hapo ndipo penye ufa. Mashtaka husafiri haraka kwa kuwa polisi wanayahitaji kwa ajili ya kesi. Matokeo hayana anayeyasukuma. Afisa aliyeshika kesi amehamishiwa Turkana, faili imefungwa na kuwekwa masijala, na wewe umeshukuru Mungu ukaenda nyumbani. Miaka sita baadaye unaomba cheti, jalada linafunguliwa, na pale panapostahili kuandikwa "aliachiliwa huru" hapana kitu.

Rekodi hutafutwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kubadilisha jina au kuchukua kitambulisho kipya hakuifuti. Kwa upande mzuri, anayeitwa Wafula Barasa au Otieno Ochieng' katika eneo ambalo majina hayo yanabebwa na watu mia moja hana haja ya kuogopa kubebeshwa kesi ya wajina wake kwenye cheti. Vidole vitawatenganisha.

Upekuzi wa majina kwenye intaneti hauna kinga hiyo. Tovuti ya Kenya Law huchapisha bila malipo hukumu na maamuzi ya mahakama pamoja na majina ya wahusika, na maofisa wa ajira hulitafuta jina lako humo. Hapo wajina anaweza kukuponza. Kesi yako mwenyewe pia inaweza kuonekana nusu, yaani uamuzi wa dhamana upo lakini hukumu iliyokuachilia haipo. Tafuta jina lako humo kabla hawajalitafuta wao, ili swali lisikukute mdomo wazi.

Nambari ya kifungu ndiyo yenye jibu

Kumbukumbu ya mtu kuhusu siku ya mwisho mahakamani si ya kutegemea. Ulikuwa na hofu, hakimu alizungumza Kiingereza kwa sauti ya chini, karani akasema "enda nyumbani", ukaenda. Kuna njia nyingi za kwenda nyumbani, na kila moja ina maana yake mbele ya mwajiri. Chukua nakala ya uamuzi na utafute nambari ya kifungu cha sheria.

Ukiona umeachiliwa huru chini ya kifungu cha 215 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kesi ilisikizwa hadi mwisho; soma maneno yenyewe, maana kifungu hichohicho hutumika pia kumpata mtu na hatia. Kifungu cha 210 kinamaanisha upande wa mashtaka ulimaliza mashahidi wake na hakimu akaona huna kesi ya kujibu. Cha 202 hutumika mlalamishi asipofika mahakamani, na cha 204 hutumika mlalamishi akiomba kuondoa malalamiko na hakimu akakubali. Katika hali zote nne umeachiliwa huru. Kwenye fomu ya kazi unajaza "La" bila kigugumizi.

Kifungu cha 87 ndicho chenye mtego. Hiki hutumika upande wa mashtaka unapoondoa kesi. Ikiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, unaachiliwa, lakini sheria inaruhusu ushtakiwe tena kwa mambo yaleyale. Ikiondolewa baada ya wewe kuitwa kujitetea, lazima uachiliwe huru kabisa. Hujapatikana na hatia katika hali yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo jibu la fomu bado ni "La". Ila fomu ikiuliza, "Je, una kesi yoyote inayoendelea?", hakikisha masijalani kwamba hakuna faili mpya iliyofunguliwa kwa tukio lilelile. Watu wamewahi kugundua kesi ya pili kwa kukamatwa.

Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu huwachanganya hata walio makini. Hapo hakimu anakuachilia bila adhabu, ama bila masharti ama kwa sharti kwamba usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Hukutoa hata shilingi, kwa hiyo unadhani ulishinda. Hukushinda. Hakimu alikubali kwamba kosa lilitendeka, akaona tu kwamba kukuadhibu hakufai. Ukiona 35 kwenye karatasi yako, muulize wakili kabla ya kujaza chochote.

Kifungo cha nje pia kina sura mbili. Sheria inayokisimamia inamruhusu hakimu wa mahakama ya chini akuhukumu kuwa na hatia kisha akuweke chini ya afisa wa urekebishaji. Inamruhusu vilevile akuweke chini ya afisa huyo bila kukuandikia hatia, kwa kuzingatia umri wako, tabia yako na uzito wa kosa. Muda ni kati ya miezi 6 na miaka 3. Watu wawili wanaweza kuwa walikuwa wakiripoti kwa afisa mmoja kila mwezi, mmoja ana hatia na mwenzake hana. Aliyepewa huduma kwa jamii hana mjadala huo: adhabu hiyo hutolewa kwa aliyekwisha kupatikana na hatia ya kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambalo mahakama imeona linastahili kifungo cha muda huo au chini yake.

Kwa aliyekuwa mtoto, sheria ni laini zaidi, na hiyo ni haki. Maneno "hatia" na "hukumu" katika maana ya jinai hayatumiki kwa mtoto aliyepitia Mahakama ya Watoto. Aliyefikishwa huko akiwa na miaka 15 kwa kuiba simu sokoni hapaswi kujibu "Ndiyo" akiwa na miaka 27.

Kukubali makosa ili urudi nyumbani

Rekodi nyingi zinazowazuia vijana wetu kupata kazi hazikutokana na kesi nzito. Zilitokana na Jumatatu asubuhi. Polisi wamefanya msako Jumamosi usiku. Walioshikwa kwa kunywa chang'aa, kwa kukutwa baa baada ya saa zilizowekwa na sheria ya vileo ya 2010, ile iitwayo sheria ya Mututho, au kwa kosa la kulewa na kuzua fujo, wamepangwa kizimbani kumi kwa mkupuo. Mmoja wao amenong'onezwa seli: "Kubali tu, utapigwa faini kidogo uende. Ukikataa utarudishwa rumande wiki mbili." Karani anasoma mashtaka. "Ni kweli au si kweli?" "Ni kweli." Faini Sh3,000 au mwezi mmoja jela. Ndugu wanachanga kwa M-Pesa, saa nane yuko nyumbani anakula.

Dakika tatu hizo zimemwandikia hatia. Hakuna aliyemwambia hivyo, na hili ndilo linalostahili kusemwa kwa sauti kila kituo na kila mahakama: kulipa faini ni kutumikia adhabu, na adhabu hufuata hatia.

Hakimu ana utaratibu anaopaswa kuufuata kabla ya kuandika kwamba umekubali. Ulielezwa kinaganaga katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na mahakama zetu huutumia hadi leo. Mashtaka yasomwe kwa lugha unayoielewa. Maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema. Ukikubali, kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotokea, nawe uulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli. Ukisema, "Ni kweli nilikuwa pale lakini sikunywa," huko si kukubali, na hakimu anapaswa kuandika kwamba umekataa. Ndipo hatia iandikwe, na kabla ya adhabu upewe nafasi ya kujieleza.

Aliyekubali makosa hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu kulalamikia tu uhalali au ukubwa wa adhabu. Hata hivyo, kama utaratibu wa Adan ulirukwa, au lugha iliyotumika hukuielewa, mahakama hukubali hoja kwamba huko hakukuwa kukubali hata kidogo. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, na mahakama inaweza kuongeza muda ukiwa na sababu ya maana. Mahakama Kuu pia ina uwezo wa kuagiza faili iletwe na kuikagua, hata bila rufaa ya kawaida. Kwa asiye na pesa za wakili, Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ipo kwa ajili ya watu kama hao.

Cheti chenyewe

Jina lake rasmi ni cheti cha idhini ya polisi, wengi hukiita cheti cha tabia njema. Unakiomba kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, chini ya huduma za DCI. Ada ni Sh1,000 pamoja na ada ndogo ya mfumo. Ukishalipa, mfumo unakupa fomu ya C24 na ankara ya malipo. Hapa ndipo saiba nyingi, yaani maduka ya intaneti, huharibu: C24 lazima ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukiletewa karatasi mbili zilizoshonwa kwa pini, utarudishwa kutoka kwenye foleni. Chapisha ankara nakala mbili, beba kitambulisho chako halisi na nakala yake, kisha uende Huduma Centre ya Nakuru, Kisumu, Kakamega au nyingine iliyo karibu.

Kidole kimoja kimoja hupakwa wino na kuviringishwa kutoka ukingo wa kucha upande mmoja hadi ukingo wa upande wa pili, vyote kumi. Kisha vidole vinne vya kila mkono hubandikwa kwa pamoja, na vidole gumba. Legeza mkono, mwache afisa auendeshe. Ukimsaidia kusukuma, mistari huvurugika na alama hutoka kama doa. Wanaokata miwa Mumias, wanaovunja mawe, wafua nguo na waashi hupata taabu kwa sababu ncha za vidole zimelika au zina nyufa, na saruji ndiyo mbaya kuliko zote. Pumzisha mikono siku tatu nne kabla ya kwenda, paka mafuta ya mgando usiku, lakini asubuhi ya siku yenyewe nawa kwa sabuni na uikaushe vizuri, maana mafuta na jasho havikai na wino. Kidole kikiwa na jeraha bichi au bandeji, ni heri uahirishe. Alama zisizosomeka hukataliwa, nawe unaanza upya.

Cheti kikiwa tayari unakipakua mwenyewe kwenye akaunti yako. Wakati mwingine ni siku chache, wakati mwingine wiki kadhaa, kwa hiyo usingoje hadi wiki ya mahojiano. Waajiri wengi hawakubali cheti kilichozidi mwaka mmoja.

Usimpe mtu pesa "akusafishie vidole". Cheti cha kughushi hugunduliwa kwa kukilinganisha na rekodi za mfumo, na kughushi hati rasmi ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 7. Mtu aliyekuwa akikimbia faini ya Sh3,000 hujikuta na kesi ya udanganyifu, ambayo mwajiri yeyote huiogopa mara kumi zaidi.

Cheti kikitoka na kesi uliyoshinda

Usibishane na mhudumu wa Huduma Centre. Yeye huchukua alama tu, hana ufunguo wa jalada. Rudi kwenye mahakama iliyosikiza kesi, masijala ya jinai. Unahitaji nambari ya kesi na mwaka. Kama huna, nenda na jina lako kamili, kosa, na mwezi ulioshtakiwa, karani atafute kwenye rejista. Risiti ya dhamana au karatasi ya bondi huwa na nambari hiyo, kwa hiyo pekua makabati nyumbani kwanza. Omba nakala ya hukumu au amri iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri wa mahakama na sahihi. Nakala ya kawaida ya mashine haikubaliki.

Ipeleke DCI pamoja na barua fupi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kesi, tarehe ya uamuzi, kifungu kilichotumika, na ombi kwamba rekodi irekebishwe. Ambatisha cheti chenye kasoro. Hakikisha nakala yako ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaokusaidia wakikaa kimya.

Una sheria tatu mkononi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutaka habari potofu zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyohivyo kuhusu data binafsi. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaelekeza kwamba alama za vidole na picha za mtu ambaye hakuwahi kuwa na hatia, akaachiliwa na hatafutwi kwa kosa jingine, ziharibiwe au akabidhiwe. Zitaje kwa jina kwenye barua. Usipojibiwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data bila wakili, na sheria inataka malalamiko yashughulikiwe hadi mwisho ndani ya siku 90.

Mwajiri anaruhusiwa kufanya nini

Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri hapaswi kukudai vyeti vya idhini isipokuwa ananuia kuandikiana nawe mkataba. Maana yake ni kwamba tangazo linalowataka watu mia tatu walete cheti cha polisi ili wachaguliwe wanne linakwenda kinyume na sheria. Mwajiri anaweza kukupa ofa kwanza, kisha aiondoe usipotimiza masharti ya vyeti.

Je, anaweza kukunyima kazi kwa sababu ya hatia ya zamani? Tuseme ukweli. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinataja misingi ambayo ni marufuku kubagua mtu kwayo, kama vile rangi, jinsia, dini, ulemavu na hali ya HIV. Rekodi ya jinai haimo. Kwa hiyo ulinzi wako ni mwembamba, nao unategemea zaidi Ibara ya 41 ya Katiba kuhusu haki kazini na Ibara ya 27 kuhusu usawa. Kuna milango ambayo sheria yenyewe inailinda: anayetaka kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, dereva wa matatu anayeomba leseni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na askari wa kampuni za ulinzi lazima waonyeshe cheti cha polisi. Waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono huwekwa kwenye rejista maalumu chini ya sheria ya 2006, na kwa kazi za karibu na watoto hakuna wa kuwatetea, wala hapastahili kuwa na yeyote.

Nje ya hapo mwajiri ana hiari, na hiari ina wajibu. Apime kosa dhidi ya kazi, muda uliopita, na maisha ya mtu tangu wakati huo. Aliyepatikana na hatia ya kuiba pesa za mwajiri mwaka jana kumnyima funguo za sefu ni busara. Kumnyima mama kazi ya kupanga maua kwenye maboksi kwa sababu alipigwa faini ya chang'aa mwaka 2014 ni kumrudisha kwenye chang'aa. Katiba yetu haimfungii milele hata anayetaka kuwa mbunge: Ibara ya 99 inamzuia yule aliye chini ya kifungo cha miezi 6 au zaidi wakati wa uchaguzi, na hata huyo ni baada ya rufaa zote kuisha. Mfagiaji wa ofisi asipimwe kwa mizani kali kuliko mbunge.

Kwa aliye kazini tayari akakamatwa, tarehe ya kuangalia ni siku ya 14. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinahesabu kuwa kosa kubwa la kazini mfanyakazi akikamatwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo na asiachiliwe kwa dhamana, bondi au vinginevyo ndani ya siku 14. Ndugu wanaohangaikia dhamana wajue wanaokoa kazi pia, na wampelekee mwajiri taarifa ya maandishi mapema. Hata hivyo, kufukuzwa bila kusikizwa kunakiuka kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo. Anayedhulumiwa ana miaka 3 ya kufungua kesi kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyo na vituo Nakuru na Kisumu.

Je, rekodi huisha?

Kenya haina sheria ya jumla inayosema kwamba hatia ya mtu mzima huzeeka na kuisha. Uingereza wana sheria hiyo tangu 1974. Kule England na Wales, baada ya marekebisho yaliyoanza Oktoba 2023, faini kwa mtu mzima huisha baada ya mwaka 1, na kifungo cha hadi mwaka 1 huisha mwaka 1 baada ya adhabu kumalizika. Wauguzi wetu wanaokwenda huko wasijifariji na hilo, kwa sababu kazi nyingi za hospitali zimeondolewa kwenye nafuu hiyo. Isitoshe, viza ya wahudumu wa afya hudai cheti cha polisi kutoka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita.

Hapa kwetu njia ya kufuta hatia ni rufaa au Mahakama Kuu kuitengua, na nje ya mahakama ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133, unaotolewa kwa ushauri wa Kamati ya Huruma. Yeyote anaweza kuandika ombi hilo. Bunge linapaswa kutupa sheria yetu ya muda wa rekodi, hasa kwa makosa ya faini.

Hadi hapo, tunarudi kwa wale wawili wenye fomu. Wa Kondele ajaze "La", na akiulizwa kwenye mahojiano kama amewahi kukamatwa, aseme aliachiliwa bila kushtakiwa, basi. Wa Winam ajaze "Ndiyo", na kwenye nafasi ya maelezo aandike sentensi nne bila kujitetea na bila kuomba huruma: "Mwaka 2019 nilikubali shtaka la kunywa chang'aa katika mahakama ya Winam. Nilitozwa faini ya Sh3,000 nikailipa siku hiyohiyo. Sijashtakiwa tena tangu wakati huo. Nimeambatisha risiti na barua ya mwajiri niliyemfanyia kazi kuanzia 2020." Chini yake abandike nakala hizo mbili, halisi azibebe siku ya mahojiano.